Nyota 4 kwa huduma ya simu ya wachezaji wastaafu wa raga, ndondi na michezo ya kugongana

Nawapa nyota 4 kati ya 5 na nitasema kabisa kwa nini haijafika 5. Mume wangu alicheza raga mstari wa mbele miaka mingi, kazi ya kusukuma skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana kugombea mpira, na alipostaafu kila mtu aliulizia magoti na shingo, hakuna aliyeuliza amebaki na rafiki gani. Na hilo ndo lilikuwa linamla. Mchezaji akiwa kwenye timu anaamka na wenzake, anakula nao, anaumia nao, halafu mkataba unaisha na simu haziji tena. Unamkuta mtu mzima kajifungia chumbani mchana kutwa, ukimuuliza anasema yuko poa tu.

Huduma yenyewe iko hivi, unajiandikisha, wanakuuliza ulicheza mchezo gani na nafasi gani, kisha wanakuunganisha na mstaafu mwenzio aliyefundishwa kusikiliza, anakupigia kila wiki. Si daktari na hajifanyi daktari. Bondia anapewa bondia, wa raga anapewa wa raga, wapo pia wa futiboli ya Marekani, wa judo na wa hoki ya barafu. Hapo wamepatia kwelikweli. Mume wangu si mtu wa kusema "nimechoka", lakini huyu aliyepewa naye alikuwa mstari wa mbele, akaanza tu na habari za skramu kuporomoka na wewe uko chini kabisa, wakacheka weee, na kabla hawajaagana namsikia mwenzangu anamwambia usiku halali. Mimi ninayelala naye kitanda kimoja alikuwa hajawahi kunitamkia hivyo!

Kingine nilichokipenda ni maswali yao. Jamaa haulizi "unajisikiaje", maana jibu la hilo linajulikana, anauliza "wiki hii umeonana na nani nje ya nyumba?" halafu anasubiri jina. Jina likikosekana wanapanga palepale nani apigiwe, na mara nyingi inakuwa ni matembezi, kwa sababu wanaume hawa ukiwakalisha uso kwa uso wanakaa kimya lakini wakitembea bega kwa bega wanafunguka. Na hii siyo mambo ya kupoteza muda jamani. Mwaka 2010 watafiti walijumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000 wakaona wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kubaki hai mkubwa zaidi kwa asilimia 50. Kwa hiyo kumpata rafiki wa kutembea naye ni afya kama vidonge vya presha.

Sasa hili la masikio lazima nilieleze. Masikio yake yaliumia kwenye skramu mpaka yakakakamaa, la kushoto tundu limekaribia kuziba. Kwenye kelele hasikii vizuri, kwa hiyo akawa anakwepa harusi, anakwepa misiba, ndugu wakaanza kusema ana dharau siku hizi. Aliyegundua ni yule jamaa wa simu, akasema mbona unaitikia "eeh" hata nikikuuliza swali, nenda kapimwe masikio. Akaenda, akapewa kifaa cha kusaidia kusikia, na sasa anakaa mezani na watu mpaka mwisho wa maongezi. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya 2024 ilitaja vitu 14 vinavyoongeza hatari ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili kudhoofika, na humo kuna kutosikia vizuri, upweke, sonona na majeraha ya kichwa, yaani mchezaji mstaafu anaweza kuwa navyo vyote vinne kwa pamoja na watu wakaona ni uzee tu.

Nawasifu pia kwa kutodanganya. Tangu Desemba 2020, Steve Thompson aliyebeba Kombe la Dunia la raga la 2003 na England aliposema ana dimenshia na hakumbuki hata kushinda kule, mume wangu akisahau funguo tu anajua basi na yeye ndo hivyo. Huku hakuna aliyemuahidi kipimo. Walimwambia wazi kwamba ule ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, CTE, unathibitishwa kwa kuchunguza ubongo baada ya mtu kufa, na kwamba ile habari ya Boston University ya 2023, wachezaji 345 wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, kati ya 376 kukutwa nao, ilitokana na bongo zilizotolewa kwa ajili ya utafiti, nyingi za watu ambao familia zao zilishaona dalili, kwa hiyo usiichukue kama hukumu yako. Hasira na kusahau vinaweza kuletwa na maumivu, pombe, sonona, au pumzi kukatika usingizini ambako wenye shingo nene kunawapata sana, na hayo yote yana matibabu.

Haya, nyota niliyoikata. Mikutano yao ya video inajaza watu kupita kiasi, sura kibao kwenye skrini, wote wanaongea kwa mpigo, mtu aliyepata mitikiso ya ubongo mara kadhaa anaishia kuumwa kichwa na kuzima. Wafanye vikundi vya watu wachache. Kukumbushwa nako ni kwa imeili peke yake, jamani, mnahudumia watu wanaosahau, tumeni meseji! Kipindi cha wake na familia kipo lakini wanakiweka saa za kazi, wengi wetu tunakikosa, na sisi ndo tunaopokea zile hasira za usiku. Pia mstaafu akikosa kupokea simu wiki mbili waruhusu, kwa ridhaa yake, mtu wa nyumbani apigiwe. Na mjue siyo huduma ya dharura, wenyewe wanasema, mtu akianza kuongelea kujiua pigeni namba ya dharura au mpelekeni hospitali muda huohuo, msingoje simu ya wiki.

Kama una mume au kaka aliyecheza usisubiri aombe mwenyewe, jazeni fomu mkiwa pamoja, na pale kwenye nafasi aliyocheza msiruke, maana ndo wanayotumia kumtafutia mwenzake.