Viatu vya peku vilivyobanduka Maisara, na mimi niliyeambiwa mzito

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililonikwama kooni: "Bi mkubwa, viatu hivi si vya watu wazito." Niliambiwa dukani, mbele ya watu watatu, mmoja wao mzazi wa mwanafunzi wangu.

Sasa nirudi nyuma. Tuna kikundi chetu cha mazoezi, kina mama kumi na kitu, tunakutana baada ya sala ya alfajiri pale kiwanja cha Maisara, hapa Unguja mjini. Tunazunguka kiwanja, tukijaaliwa nguvu tunafika Mnazi Mmoja. Goti likaanza kunisumbua. Mwalimu wa michezo wa skuli kwetu, kijana mzuri lakini hana breki ya mdomo, akasema ubaya uko kwenye raba zangu zenye visigino vinene. Nivae kiatu chembamba, mguu uijue ardhi. Akanisomea habari za Abebe Bikila, Muhabeshi aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Nikalainika. Kuna duka moja hapa mjini linatangaza kwenye simu "viatu vya peku". Elfu themanini na tano. Chekeni tu. Mimi mtoto wa Makunduchi, niliyekwenda skuli peku bure bilashi, nikalipa elfu themanini na tano nirudishiwe peku yangu.

Na vilikuwa vitamu, sitaki kusema uongo. Soli nyembamba kama chapati ya maji. Ukikanyaga kijiwe unajua ni cha duara au cha pembe. Asubuhi ya kwanza nilijua kwa unyayo pale nyasi zinapokwisha na mchanga unapoanza, na kiwanja hicho nimekizunguka miaka. Kisigino kikaacha kugonga, mguu ukawa unatulia kwa mbele, taratibu, bila ya mimi kuuambia. Mwenzangu akageuka: "Mwalimu, mbona leo hatukusikii?" Mashavu ya miguu yaliniwaka siku nne, ngazi za skuli nikizipanda kwa kushika ukuta, lakini goti lilinyamaza. Wiki ile ungeniuliza, ningekwambia uza mbuzi ununue.

Kisha ikanyesha usiku kucha. Alfajiri Maisara ina vidimbwi, na sisi si watu wa kuogopa vidimbwi. Mzunguko wa pili nasikia pwaa, pwaa, nyuma yangu. Nageuka, hakuna mtu. Ni mimi. Soli ya mguu wa kulia imeachama mbele, mdomo wazi kama changu aliyetolewa majini, na kila hatua inachota mchanga na kunimwagia vidoleni. Nikaketi, nikakipindua kiatu. Gundi tupu! Hakuna hata tundu moja la sindano. Gundi yenyewe njano, imekauka, unaikwangua kwa ukucha kama nta ya mshumaa.

Nikavivua vyote viwili nikarudi nyumbani peku. Na hapa ndipo ninapojichanganya mwenyewe, kwa sababu huko njiani nilikuwa na hasira za kumla mtu, na papo hapo miguu yangu ilikuwa inafurahi. Lami ya asubuhi baada ya mvua ni baridi, ina chengachenga ndogo zinazokukuna. Jirani yangu, mzee wa heshima zake, akasimama na kikombe cha kahawa mkononi: "Mwalimu, salama? Umeibiwa?" Nikamwambia, ndiyo.

Dukani nilikwenda baada ya skuli. Kijana yuko na simu, hakuinua uso. Salamu yangu ilining'inia hewani mpaka ikachoka. Nikaweka kiatu juu ya meza. "Umevivaa kwenye maji?" Nikamjibu mvua sikuinyesha mimi. Ndipo akaniangalia, juu hadi chini, chini hadi juu, akatoa lile neno lake.

Mzito! Bibi yangu alinizidi mara mbili, Mungu amrehemu, na alivaa mitalawanda umri wake wote. Kipande cha mti na msuruaki mmoja katikati ya vidole, basi. Ka, ka, ka, uani, kisimani, chooni, na haukubanduka msuruaki hata siku moja. Nasomesha hisabati zaidi ya miaka ishirini. Gundi haina habari na kilo zangu za harusini. Ingekuwa amesema tu "kumradhi", ningeondoka. Darajani kwenye msongamano wa mwezi wa Ramadhani mtu akikukanyaga anakuomba radhi. Huyu ananiuzia kiatu kibovu kisha ananipima mwili kwa macho.

Kwa hasira nikampelekea kiatu fundi mmoja anayeshonea uchochoroni karibu na Darajani. "Ami, hiki kinashoneka?" Akakikunja, akakinusa, akacheka bila ya sauti. "Mwanangu, hiki kimebandikwa. Hakijapata kushonwa." Akashika msharasi, akaupaka nta uzi, akaanza kwenye kidole gumba, tundu kwa tundu, akizunguka. Kila akivuta uzi, aliuzungusha mara moja mkononi na kuukaza mpaka ngozi ya kiganja inakuwa nyeupe. Elfu tatu. Hakuniuliza uzito wangu.

Ameweka pia makubadhi mapya ya ngozi, yananukia. Nikajisemea, kumbe jibu lipo hapahapa, kwa nini nihangaike na vya wageni? Nikanunua, nikaenda nayo mazoezini. Jamani. Gidamu ilinikata baina ya vidole, nikarudi na malengelenge mawili. Makubadhi ni ya Ijumaa na harusini, ya mtu anayetembea kwa madaha. Si ya kukimbilia. Nayapenda, sikimbii nayo tena.

Mwalimu wa michezo naye nilimrudia na lake. Bikila huyohuyo, Tokyo mwaka 1964, alivaa viatu na akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Mbona hadithi yako inaishia Roma? Akanitajia Profesa Daniel Lieberman wa Harvard, aliyeandika mwaka 2010 kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa mbele ya mguu. Nikamwambia nimesoma pia utafiti wa mwaka 2013 wa Wadaasanach, kaskazini ya Kenya, watu wa peku tangu utotoni, na wengi wao wakikimbia mwendo wao wa kawaida walitua kwa kisigino. Amenyamaza mpaka leo. Na msinijie na peku kila mahali. Mama alikuwa akitufukuza na ndara mkononi tusikanyage udongo mbichi nyuma ya choo, kwa sababu minyoo ya safura hupenya ngozi ya unyayo. Peku nendeni Jambiani, maji ya bamvua yakishatoka na mchanga umekaza, muangalie miiba tu.

Kwa hiyo kiatu ni nyota moja. Ngoja, mbili. Tatu nikikumbuka goti. Duka halina nyota kwangu, na lisipewe ya mkopo.

Cha kulia sasa ndicho kizima, kimeshikwa na uzi wa fundi, nimekimbia nacho mvua mbili. Cha kushoto bado kiko kwenye gundi yake ileile. Fundi aliniuliza akishone nacho, nikamwambia akiache vivyo hivyo. Nasubiri kibanduke nimpelekee yule kijana wa dukani.