Bowers & Wilkins 801 D4 kwenye sebule ya Ilazo, Dodoma: uzoefu wangu

Spika hizi zinastahili sifa zake. Hata hivyo, kwa nyumba zetu za Dodoma, hata mwenye fedha zisizo na kikomo asianzie kwenye spika. Aanze na kuta, kisha umeme. Ukizitua kwenye sebule ya tofali za saruji, marumaru chini, jipsamu juu na madirisha ya aluminiamu, utakachosikia ni chumba chako tu.

Mfumo ninaouzungumzia ni huu: spika mbili za 801 D4, toleo la 2021, amplifaya ya McIntosh MC462, mashine ya santuri ya Technics SL-1200G yenye kichwa cha Ortofon 2M Black, sabwufa mbili, yaani spika za besi pekee, na kifaa cha kurekebisha sauti chenye programu ya Dirac Live. Sebule ina urefu wa mita 7, upana mita 5, kimo mita 3.

Muda wa mwangwi, yaani sekunde ambazo sauti inachukua kufifia, una hesabu yake, na kila mtu anaweza kuifanya. Chukua ujazo wa chumba, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa eneo linalofyonza sauti. Ujazo wangu ni mita za ujazo 105. Kuta, sakafu na dari kwa pamoja ni mita za mraba 142, na vikiwa vitupu hufyonza kama asilimia 5 tu, yaani mita 7 za mraba. Jibu ni sekunde 2.4, mwangwi wa ukumbi wa mikutano. Kwa muziki nataka sekunde 0.4. Makochi, zulia nene na mapazia mazito vilinifikisha kwenye mita 22 hivi za ufyonzaji. Pengo lililobaki nililiziba kwa paneli 24 za sentimita 60 kwa 120, na kipimo kikasoma sekunde 0.4 na kidogo.

Paneli ni kazi ya fundi seremala wa kawaida. Fremu ni mbao za inchi 1 kwa 4, ndani yake sufi ya mawe (rockwool) ya unene wa sentimita 10, yenye uzito wa kilo 45 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Mbele funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Kipime kwa kukipuliza kwa mdomo: hewa ikipita, sauti nayo inapita. Kanga ya pamba inafaa sana; pazia lenye plastiki nyuma halifai kabisa. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati ya paneli na ukuta, ndipo inapoanza kushika hata sauti za chini. Wengi hubandika sponji ya godoro ukutani, na hapo ndipo kazi inapoharibika: sponji nyembamba inafyonza sauti kali za juu na kuiacha besi ikizunguka vilevile, chumba kinakuwa kizito na waimbaji wanasikika kama wamefunikwa blanketi.

Kujua mahali pa paneli za pembeni, kaa kwenye kochi lako huku mtu akitembeza kioo ukutani. Pale unapoiona spika ndani ya kioo, ndipo paneli inapotakiwa.

Sasa besi, ambayo ndiyo imekula muda wangu mwingi. Kila kipimo cha chumba kina sauti yake inayovimba. Gawanya mwendo wa sauti, kama mita 345 kwa sekunde kwa joto letu, kwa urefu mara mbili. Kwa mita 7 unapata hezi 25, yaani mitetemo 25 kwa sekunde, kwa mita 5 hezi 35, kwa mita 3 hezi 58. Ndiyo maana chumba cha mita 6 kwa 3 kwa 3 ni kibaya sana: mavimbe yanaangukia mahali pamoja. Anayejenga kwenye kiwanja kipya Iyumbu au Nzuguni alifikirie hili kabla msingi haujamwagwa, maana baadaye hakuna kifaa kinachotibu vizuri.

Kochi lisiguse ukuta wa nyuma na lisikae katikati kabisa ya chumba. Langu liko mita 2.6 kutoka ukuta wa nyuma. Spika nazo zina sheria: sauti ya chini huenda nyuma, ikagonga ukuta, ikarudi na kuifuta ile ya mbele. Uso wa spika ukiwa mita 0.6 kutoka ukutani, shimo linatokea karibu na hezi 144, katikati kabisa ya mwili wa ngoma. Ukiusogeza hadi mita 1.2, shimo linashuka hadi hezi 72. Mimi nimekata spika kwenye hezi 80 na chini ya hapo zinapiga sabwufa, kwa hiyo shimo limeangukia mahali pasipo na madhara. Najua wapo watakaoona ni dhambi kuzinyima 801 besi yake wakati kila moja ina wufa, yaani koni za besi, mbili za inchi 10. Kipimo kinasema vingine, na sikio langu linakubaliana nacho. Sabwufa moja iko katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma. Zikipiga kwa pamoja, lile vimbe la hezi 25 zinalifuta zenyewe.

Pima kwa maikrofoni ya UMIK-1 na programu ya REW, ambayo ni ya bure. Unaporekebisha, shusha vilele na uyaache mashimo. Kupandisha shimo kwa desibeli 6 kunaidai amplifaya wati mara nne, na shimo bado litakuwepo. Kabla ya hayo, piga mlio unaopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 200 na uzunguke nyumba nzima. Madirisha ya aluminiamu yatalia, skrubu zilizolegea za jipsamu zitalia, hata kabati la vyombo. Mkanda wa mpira na skrubu za ziada vinamaliza sehemu kubwa.

Kila spika ina kilo 100. Ina magurudumu chini, na miiba ya kushusha ikishafika mahali pake. Gonga marumaru kwanza: inayolia kama debe ina uwazi chini, na mwiba utaipasua. Weka bamba la graniti.

Kuhusu nguvu, spika inaandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) lakini hushuka hadi 3. MC462, yenye wati 450 kila upande, ina vituo vya kufungia waya za spika vya omu 2, 4 na 8. Tumia cha 4. Isogezwe na watu wawili, maana inazidi kilo 50.

Umeme ukipanda na kushuka, stabilaiza ya bei nafuu hurukaruka na kugonga ndani ya spika. Nimeweka inveta ya kVA 5 yenye wimbi safi na betri ya lithiamu ya kWh 5, vyote stoo kwa sababu feni yake inavuma. Mfumo wote kwa sauti ya kawaida unakula kama wati 300, kwa hiyo betri inatosha saa 10 na zaidi. Vifaa vyote viwe kwenye laini moja ya soketi, la sivyo unaweza kusikia mvumo wa hezi 50. Ethi nayo ipimwe mwezi wa Septemba, udongo ukiwa umekauka, kwani ndipo inapokuwa dhaifu. Na usinunue mashine ya santuri ya Marekani yenye mota ya kufuata hezi 60: kwetu santuri ya 33 itazunguka chini ya 28. Technics inajiongoza yenyewe, haina shida hiyo.

Kiangazi, vumbi jekundu na hewa kavu huifanya santuri ivute uchafu kama sumaku. Brashi ya kaboni kila upande, na kuosha kwa maji ya betri yasiyo na asidi. Santuri za zamani za 78 zisiguswe na spiriti, inaziyeyusha.

Na sauti? Ilimba, ala ya vidole ya Wagogo, ikipigwa na mwanamuziki Hukwe Zawose inatoka na mvumo wake wote, kila ncha ya chuma ina mahali pake hewani, na sauti ya Zawose inasimama mbele ya ukuta, si ndani ya maboksi. Ngoma za muheme za Wagogo zina ngozi na zina tumbo, na pigo linakoma pale mkono unapokoma. Taarabu yenye fidla nyingi haichoshi hata baada ya saa tatu.

Kilichobaki ni bati. Mvua ya Januari inazima kila kitu, na jioni bati likipoa linagonga. Tabaka la sufi ya mawe juu ya jipsamu limepunguza nusu ya kelele hiyo; tabaka la pili la jipsamu, lililofungwa juu ya raba, linafuata kabla ya masika.