Tageti ya AZO ya inchi 2: ipime kwa mizani kabla hujaifunga

Kazi yangu ni kutandaza oksaidi zinazopitisha umeme juu ya vioo vya seli za jua, katika maabara moja hapa Dar es Salaam. Tageti, yaani kisahani cha kauri ambacho plazima (gesi iliyochajiwa umeme) hukigonga na kung'oa chembe zitakazotua juu ya kioo, hii ya AZO (oksaidi ya zinki iliyotiwa alumini) nimeitumia tangu mwezi wa tatu, na naisifu kwa moyo wote kwa sababu iliyoitangulia ilinitesa sana.

Kwenye vyeti, tageti zote mbili zilikuwa pacha: oksaidi ya zinki asilimia 98, ya alumini asilimia 2 kwa uzito, usafi asilimia 99.99, bila bamba la shaba nyuma. Ile ya kwanza, ya duka ambalo silitaji, ilipendeza kwa macho. Nilipowasha plazima, cheche zikawa zinaruka kila baada ya sekunde chache. Utando ukatoka na vitundu, upande mmoja ukinzani (jinsi utando unavyozuia umeme) omu 60 kwa kila kipande cha mraba, upande wa pili zaidi ya 100. Nikalaumu agoni, gesi inayozaa plazima, nikalaumu pampu, nikafungua chemba mara tatu.

Siku niliyoitoa na kuipangusa kwa spiriti ndipo nikaona. Doa la unyevu lilibaki dakika kadhaa, limezama ndani kama maji kwenye chungu kipya. Nikaiweka kwenye mizani: gramu 29.8. Kipenyo ni milimita 50.8, unene 3, kwa hiyo ujazo ni kama sentimita 6.08 za ujazo. Oksaidi hii ikishikana barabara ina takriban gramu 5.6 kwa kila sentimita ya ujazo, basi tageti ilitakiwa kukaribia gramu 34. Zaidi ya asilimia 12 yake ilikuwa hewa tupu!

Unga wa oksaidi hizo mbili husagwa pamoja hadi alumini ienee, ukashindiliwa, kisha ukaokwa tanuruni kwa nyuzi zaidi ya 1,300. Moto ukiwa hafifu, chembe hazishikani. Na alumini isipokaa mahali pa zinki haitoi ile elektroni moja ya ziada inayobeba umeme, nayo ndiyo unayoinunua.

Hii mpya ina gramu 33.4. Rangi yake ni ya kijani kinachoelekea kijivu, sawasawa mpaka ukingoni, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama kikombe kisicho na ufa. Kwa wati 80, shinikizo la agoni paskali 0.5, kioo nyuzi 200, napata utando wa nanomita 500 wenye omu 18 kwa mraba, na toka pembe hadi pembe tofauti haizidi omu 2. Uweke juu ya gazeti, unasoma kila herufi. Oksijeni siongezi kabisa, kwa kuwa hata kidogo hupandisha ukinzani.

Kasoro zipo. Msongamano haumo kwenye cheti. Niliuuliza kwa barua pepe kabla ya kulipa, nikajibiwa siku ya nne. Ukingo ulifika umemeguka kidogo, bahati nzuri ni nje ya duara la plazima. Tena hawakuweka hata karatasi ya kumwonya mgeni apandishe umeme polepole. Mimi naongeza wati 10 kila baada ya dakika mbili, maana kauri ikishtushwa na joto hupasuka.

Mfereji ambao plazima imeuchimba kwenye tageti sasa umefika kina cha milimita moja. Ukikaribia mbili, naagiza nyingine hapo hapo.