Kahoot! kwenye darasa la mtandaoni: uzoefu wangu kama mwalimu wa Kiswahili

Anayefundisha kwa Google Meet anaijua hali hii: kamera zimezimwa, vipaza sauti vimezimwa, na ukiuliza "Tuko pamoja?" anajibu yule yule wa kila siku. Mimi hufundisha sarufi wanafunzi wa Gredi ya 7 jioni na wakati wa likizo, na Kahoot! imekuwa msaada mkubwa kwangu. Naipenda, ila ningependa walimu wenzangu waijue vizuri kabla ya kuitegemea.

Ni programu ya maswali ya kuchagua jibu, ilianzia Norwe na kufunguliwa kwa umma mwaka 2013. Mwalimu ndiye anayejisajili. Mwanafunzi hahitaji akaunti, anaingia kahoot.it, anaandika PIN ya mchezo inayoonekana kwenye skrini ya mwalimu na jina lake, basi. Muziki ukianza tu, majina ya wale ambao sauti zao huzisikii muhula mzima yanaanza kujitokeza kwenye skrini.

Kwangu mimi, uhondo wenyewe hauko kwenye pointi wala kwenye jukwaa la washindi watatu. Uko pale muda unapoisha, vijiti vya rangi vikaonyesha ni wangapi wamechagua kila jibu. Hapo mwalimu asikimbilie swali lijalo. Niliwahi kuuliza neno "kifaranga" liko katika ngeli gani, na kijiti cha KI-VI kikakipita cha A-WA kwa mbali. Nikawauliza, "Nyumbani mnasema kifaranga kimekufa au amekufa?" Vipaza sauti vikafunguka. Mmoja akasema "amekufa", mwingine akauliza, na kijana je? Na kiboko? Tulikaa hapo hapo mpaka wakagundua wenyewe kwamba kiumbe mwenye uhai hufuata A-WA hata jina lake likianza na ki-. Aliyekosea hakuona aibu, maana kijiti hakitaji jina la mtu.

Sasa suala la pointi. Jibu sahihi hupata hadi 1,000, lakini hupungua kadiri unavyochelewa. Ukijibu sekunde ya mwisho unapata kama 500. Mtoto ambaye mtandao wa kwao unasuasua anaumia bila kosa. Swali likiwa la sekunde 20, anayejibu baada ya sekunde 5 anapoteza pointi 125 hivi. Ongeza muda uwe sekunde 60, na zile sekunde 5 zitamgharimu 42 tu. Kwa hiyo mimi huongeza muda, na swali likiwa gumu huondoa pointi kabisa ili wafikiri badala ya kukimbizana.

Kuna pia wanaotumia simu moja kwa kipindi na kwa mchezo, mara nyingi ya mzazi. Wakifungua Kahoot!, hawaoni tena skrini ya mwalimu. Kabla ya kuanza, nenda kwenye mipangilio uchague swali na majibu yaonekane kwenye kifaa cha mwanafunzi. Usipofanya hivyo wataona rangi na maumbo matupu, na hapo wengi hukata tamaa wakaondoka.

Kwa asiye na bando saa ya kipindi, unaweza kumtumia maswali hayo hayo kama kazi ya kufanya kwa wakati wake, ukaweka na siku ya mwisho. Msisimko wa kushindana na wenzake haupo, lakini hakosi somo.

Insha siipeleki huko. Kupanga mawazo na kuyaeleza hakupimwi kwa majibu manne, na ufahamu wenye kifungu kirefu nao unabanwa na nafasi. Kwa ngeli, nyakati, vinyume na methali, sijaona kinachowaamsha watoto kama hiki. Mchezo ukiisha, fungua ripoti uangalie maswali yaliyowashinda wengi. Mimi kipindi kinachofuata hukianzia hapo.