Uzoefu wangu: kubadilisha mbao zilizooza ndani ya boti ya faiba, Dodoma

Boti yangu ya faiba yenye urefu wa futi 19 niliinunua ikiwa imekwishatumika, na kwa miaka minne imekuwa ikifanya kazi ya uvuvi katika Bwawa la Mtera. Mwaka jana kijana anayeiendesha alinieleza kwamba kila anapoongeza mwendo injini inalalia nyuma, na kwenye kona ya ukuta wa tezi, yaani ule unaobeba injini, kuna ufa unaotoa maji meusi kama chai ya rangi. Karakana ya kwanza, ambayo sitaitaja, iliujaza ufa ule puti, ikapaka rangi na kunitoza shilingi 350,000. Baada ya wiki sita puti ilibanduka kama ganda la yai, na ufa ukawa mrefu kuliko mwanzo.

Fundi wa pili, ambaye huduma yake ndiyo ninayoitathmini hapa, hakugusa rangi wala puti siku ya kwanza. Aligonga ukuta wote kwa mpini wa nyundo, akiniita nisikilize: palipo pazima palilia kwa sauti kali, palipooza palitoa mlio mzito kama wa gunia lililojaa. Kisha alitoboa matundu madogo kwa ndani na kunimwagia kiganjani unga uliotoka. Unga wa juu ulikuwa mkavu na mweupe. Wa chini, karibu na skrubu za injini, ulikuwa mweusi, umelowa, na ulifinyangika kama tope. "Mzee wangu," aliniambia, "ubao ukifikia hapa hautibiki, unatolewa." Chanzo kilikuwa hayo matundu ya skrubu, ambayo mtu fulani aliyatoboa zamani bila kuyaziba kwa gundi, maji yakawa yanaingia kidogo kidogo katika plaiwudi iliyofungiwa ndani ya faiba, mahali ambapo hayana njia ya kutokea.

Alikata ganda la ndani, akachimba ubao wote uliooza pamoja na futi tatu za mhimili mmoja wa sakafu, kisha akaiacha boti chini ya turubai kwa siku 18. Hapo niliona faida ya kufanya kazi hii Dodoma wakati wa kiangazi, kwa sababu hewa yetu kavu ilikausha faiba vizuri. Lakini upepo wa Agosti nao hubeba vumbi, na vumbi likitua juu ya gundi mbichi tabaka linalofuata halishiki. Kwa hiyo alizungushia maturubai, akapaka gundi asubuhi tu, kabla joto halijaifanya igande ndani ya kopo.

Alitumia gundi ya epoksi badala ya rezini ya poliesta, ile gundi ya kawaida ya kuundia boti za faiba. Ni ghali zaidi, lakini hushika mbao na faiba ya zamani kwa nguvu zaidi, na katika ukarabati faiba mpya lazima ishikamane na ile iliyokwisha kukauka miaka mingi iliyopita. Ukuta mpya ni vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 vilivyogundishwa pamoja. Kingo za ganda lenye unene wa milimita 5 alizisaga kwa mteremko wa milimita 60 ili vitambaa vipya vya faiba vipate eneo la kutosha la kushika. Matundu ya injini aliyatoboa makubwa kuliko skrubu, akayajaza epoksi nzito, na ilipoganda akatoboa upya katikati yake, hivi kwamba skrubu sasa haigusi mbao hata kidogo. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya kazi yote.

Nililipa shilingi 1,900,000, vifaa vikiwemo. Ninayo malalamiko mawili: alichelewa siku 11 bila kunipigia simu, na wasaidizi wake wawili walisaga faiba wakiwa wamejifunga vitambaa tu usoni, jambo lililonisikitisha kwa sababu vumbi lile huumiza mapafu, nikawanunulia barakoa za kuchuja vumbi mwenyewe.

Boti imerudi Mtera kwa miezi minane. Jumamosi iliyopita nilisimama nyuma yake, nikaishika injini kwa mikono miwili na kuisukuma kwa uzito wangu wote, na ukuta haukucheza.