TAHADHARI: Hakuna kikao kinachoingiwa kwa namba sita za SMS

Kamati za harusi, vikoba, na nyie mnaofanya kazi pamoja mmoja yuko Kimara mwingine Mbagala: kuna mtu anapiga simu akijifanya katibu wa grupu. Anadai kikao cha usiku kimehamia Zoom, utaingia SMS yenye namba sita, umsomee akuunganishe. Namba hizo hazihusiani na Zoom. Ni za kusajili WhatsApp yako kwenye simu yake, na SMS yenyewe inakukataza kumpa mtu. Ndiyo maana anakuharakisha.

Ukimsomea, unatolewa kwenye WhatsApp yako. Meseji za zamani hazioni, ila kwenye magrupu yupo kwa jina lako, na kama ulikuwa admini anawaondoa wanaoshtuka. Kisha: "Wapendwa, michango itumwe namba hii, laini yangu imefikia kikomo." Kamati ya harusi ndiyo shamba lake hasa, maana ahadi zinadaiwa na watu wana hela mkononi. Kabla ya kuweka namba ya siri tazama jina linalotokea. Si la mweka hazina? Acha, hata ukiambiwa ni laini ya shemeji. Mpigie mhusika kwa simu ya kawaida.

Wengine wanakuambia ubonyeze **21* halafu namba fulani na #. Hapo simu zako zote zinahamia kwake, pamoja na ile ya WhatsApp ya kukusomea namba sita. Kufuta, piga ##21#.

Umeshanaswa? Fungua WhatsApp, weka namba yako, omba namba sita upya. Ukiziingiza tu, tapeli ametoka. Ukiombwa PIN usiyoijua, kaiweka yeye. Subiri siku 7. Hapa wengi hukata tamaa wakidhani bado yumo, kumbe hayumo. Ukirudi, kagua Vifaa Vilivyounganishwa, ondoa usivyovitambua. Namba yake iripoti 15040, na kama hela imetoka, pigia mtandao wako saa hiyohiyo wajaribu kuizuia.

Ambao hamjaguswa: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN yako na barua pepe. Dakika mbili tu.

Namba ya michango msiitegemee ile iliyoandikwa kwenye maelezo ya grupu, tapeli aliyeiba akaunti ya admini anaweza kuibadilisha. Lipeni kwa iliyochapwa kwenye kadi ya mchango.