Ripoti ya mishahara ya wakuu wa kodi: nyota tatu, na ya tatu ni ya kijana wa simu

Mwalimu aliniletea barua Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, chai yangu bado inatoa moshi. Si mwalimu wa shule. Ni mkuu wa kodi wa kampuni yetu ya majengo, kodi za serikali si za pango, na jina hilo alibandikwa ofisini kwa kuwa ukimuuliza swali la dakika moja hakuachi mpaka uelewe. Barua ilikuwa na mistari minne: amepata mahali pengine, hajakubali bado, angependa mshahara wake uangaliwe kabla mwezi haujaisha. "Dada, isome taratibu," akaniambia. "Sina ugomvi na mtu."

Mishahara hapa ni kazi yangu. Tuko Upper Hill, Nairobi, watu sitini na wanne ukimhesabu dereva na mama wa chai, na tuna majengo manane: maghala Barabara ya Mombasa, ofisi, maduka, nyumba za kupangisha. Mtu wa ngazi ya Mwalimu siwezi kukaa na bosi tukamkisia. Malipo yake hupita kwenye kamati ya bodi, na mwenyekiti wa kamati hiyo, mama mstaafu wa benki, ana swali moja ambalo huliuliza akishavua miwani: "Na hii namba umeitoa wapi?"

Ndipo nikanunua ripoti. Aliyeniuzia simtaji, maana malalamiko ninayo na barua ya wakili siitaki. Walio kwenye kazi hii wataijua aina yake. Washauri hukusanya mishahara kutoka kampuni zilizojiunga, huondoa majina, huipanga kwa cheo, sekta na ukubwa wa kampuni, kisha hukuuzia jedwali lenye namba tatu kwa kila cheo: robo ya chini, katikati, robo ya juu. Kampuni ikishaamua kwamba "tunalipa katikati ya soko", jedwali hilo ndilo soko lenyewe. Nililipa laki tatu na themanini, VAT juu. Hiyo ni bei ya waliokubali kutoa takwimu zao. Asiyetoa hulipa karibu mara mbili, kwa hiyo nikakaa siku mbili najaza lahajedwali ya watu wetu, bonasi, gari na bima ya matibabu.

Faili ikaja. PDF nzuri, rangi za kupendeza, kurasa za mwanzo zikiwasifu walioiandika. Nikaruka hadi sekta ya majengo, mstari wa mkuu wa kodi. Mstari upo, namba hazipo. Pale pa namba pamewekwa nyota, na chini yake kwa herufi za siafu: takwimu hazitoshi.

Hapo sikuwalaumu sana. Kampuni zikiwa chini ya tano, mnunuzi mwenye akili anaweza kupiga hesabu akajua nani analipa nini. Kanuni hiyo ya watano imesambaa duniani kutoka Marekani. Mwaka 1996 wasimamizi wa ushindani wa huko waliandika, kwenye mwongozo wa mambo ya hospitali, kwamba utafiti wa mishahara usimamiwe na mtu wa nje, takwimu ziwe na umri wa zaidi ya miezi mitatu, watoaji wasipungue watano, na asiwepo mmoja anayebeba zaidi ya asilimia 25. Mwongozo wenyewe waliufuta mwaka 2023, lakini wauzaji wa ripoti bado wanaishika tano kama sala. Sawa. Ila hilo mtu huniambia kabla sijalipa. Kampuni zenye majengo mengi kiasi cha kuajiri mkuu wa kodi wao wenyewe hapa Nairobi ni za kuhesabika, na muuzaji alijua ana ngapi kwenye kapu lake.

Badala yake nikapewa "wakuu wa kodi, sekta zote", wakagawanywa kwa mauzo ya mwaka na idadi ya wafanyakazi. Kwa vipimo hivyo sisi tukaangukia kundi la kampuni ndogo, tukawekwa pamoja na wauza dawa na wasafirishaji wa mizigo. Hapa ndipo niliponuna.

Kampuni ya kutengeneza mikate yenye watu sitini ni ndogo kweli. Kampuni ya majengo yenye watu sitini inaweza kuwa imekalia mabilioni, kwa sababu ghala halihitaji watu, linahitaji mlinzi na mpangaji. Na kodi haimjii Mwalimu kwa vichwa vya wafanyakazi, inamjia kwa jengo. Chukua jengo moja linalouzwa kwa faida ya milioni 200. Kama lilikuwa la kukaa nalo na kulipangisha, faida hiyo ni ya mtaji. Kodi ya aina hii ilirudi Kenya Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Hapo ni milioni 30, ambayo zamani ingekuwa 10. Lakini KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wakiamua kwamba ulilijenga ili uliuze, hiyo ni biashara, asilimia 30, yaani milioni 60. Jibu la swali hilo haliko kwenye fomu ya siku ya kuuza. Liko kwenye muhtasari wa bodi na barua ya mkopo zilizoandikwa siku ya kununua, pengine miaka kumi nyuma, na kuna mtu alizisoma au hakuzisoma.

Halafu kuna majengo ya mchanganyiko, chini maduka, juu nyumba. Pango la duka lina VAT ya asilimia 16, la nyumba ya kuishi limesamehewa. Kwa hiyo VAT uliyolipa kwenye saruji na lifti huwezi kuidai yote, unaigawa, na hesabu ya kuigawa ndiyo mgogoro. Ukikopa nje ya nchi, riba unayoruhusiwa kuitoa kabla ya kukokotoa kodi haizidi asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, na biashara ya majengo ni biashara ya mikopo. Makadirio ya KRA yakifika una siku 30 za kupinga, wao wana siku 60 za kujibu, kisha una siku 30 nyingine za kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Kodi. Siku hizo zikikupita, ubishi wako mzuri unabaki kuwa hadithi. Niliwahi kumkuta Mwalimu ofisini saa nne usiku, viatu amevua, anahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu.

Sasa soma walichoandika wenye ripoti chini ya cheo chake: "Huandaa na kuwasilisha ritani za kampuni kwa wakati. Hutunza kumbukumbu za kodi. Huwasiliana na mamlaka husika." Basi. Kwa madaraja ya Paterson, yanayopima kazi kwa uzito wa maamuzi kuanzia A hadi F, walimweka D, meneja wa kati. Namba sikumwonyesha, hilo si adabu ya kazi yangu, lakini maelezo ya kazi nilimpa asome. Akaangua kicheko. "Dada, huyu ni mimi wa mwaka 2009."

Basi hiyo ndiyo kasoro kubwa ya bidhaa hii, na ingekuwa nyota mbili tu kama mambo yangeishia hapo. Wamelinganisha cheo na cheo, hawakulinganisha kazi na kazi. Anayejaza ritani kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, na anayekaa mezani wakati jengo linanunuliwa wote wameandikiwa "mkuu wa kodi", wakamwagwa kwenye sufuria moja, kisha wakachotewa katikati.

Kilichoniokoa ni kitu ambacho nilikaribia kutokitumia. Bei ile ina saa moja ya kuzungumza na mchambuzi wao. Nilipiga nikiwa na hasira zangu za Kimombasa, akapokea kijana mpole. Hakujitetea. Aliniuliza swali ambalo ripoti nzima haikuuliza: "Mama, thamani ya majengo yenu ni kiasi gani?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema wametuweka kundi lisilo letu.

Siku mbili baadaye alinitumia jedwali jipya. Aliacha jina la sekta, akatafuta waliokalia mali nyingi kwa watu wachache: bima zenye majengo, wasimamizi wa mifuko ya pensheni, mwendelezaji wa majengo mmoja au wawili. Akapata kampuni saba. Akazipanga kwa thamani ya mali badala ya mauzo, na akabakiza tu wale ambao kazi yao ina mashauri na mikataba ndani yake. Namba ya katikati ilipanda vya kutosha kueleza kwa nini Mwalimu alikuwa na barua ya watu wengine mfukoni. Kazi hiyo haikuwa na gharama ya ziada. Nyota ya tatu ni yake peke yake.

Kuna sura ya nyongeza kuhusu Marekani, ambayo niliisoma kama mtu asomavyo menyu ya hoteli asiyoweza kulala. Huko kampuni za REIT, yaani za uwekezaji wa majengo ambazo watu hununua vipande vyake, hupimwa kwa thamani ya soko, na mkuu wa kodi hulipwa kwa vyungu vitatu: mshahara, bonasi ya mwaka, na hisa zinazokomaa baada ya miaka kadhaa. Ni haki yake. REIT ya Marekani lazima igawe angalau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi, na angalau asilimia 75 ya mapato yote itoke kwenye majengo au mikopo ya majengo. Ikiteleza inaweza kutozwa kodi kama kampuni ya kawaida, asilimia 21. Mlinzi wa mlango huo ndiye yeye. Hata huko, taarifa za wazi kwa wanahisa humtaja mkurugenzi mkuu, mkuu wa fedha na watendaji wengine watatu wa malipo ya juu, kwa hiyo mtu wa kodi haonekani sana, na wao pia hununua ripoti.

Lakini sisi hisa zipi? REIT zetu za mapato ya pango zinatakiwa kugawa angalau asilimia 80, kwa hiyo ulinzi wa mlango upo, ila soko la kumlipa mtu kwa vipande ni jembamba. Fahari, mojawapo ya REIT hizo, iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2015 kwa shilingi 20, mwaka 2023 wawekezaji wadogo wakapewa nafasi ya kutoka kwa shilingi 11, na 2024 ikaondoka kwenye soko kuu. Ungemlipa mtu wa hesabu kwa vipande hivyo angekushukuru kwa Kiswahili cha pwani, kile cha maneno matamu na macho makali. Sura hiyo ingeondolewa, bei ipungue.

Jingine ambalo ripoti haina: kinachofika mkononi. Namba zote ni za kabla ya makato. Jaribu kujadiliana na mtu wa kodi kwa namba ya kabla ya makato. Aliyeshavuka laki nane kwa mwezi, ukimwongeza laki moja, inatolewa bima ya afya ya jamii asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kilichobaki kinakatwa asilimia 35, na mkononi inafika elfu sitini na mbili na ushei. Mwalimu aliniambia kiasi hicho kabla sijafungua kikokotoo.

Kwenye bonasi, ripoti inataja asilimia ya mshahara bila kusema bonasi hiyo hupatikana kwa kufanya nini. Kwa kazi nyingine ungejaza mwenyewe. Kwa kodi ni hatari. Mtu mmoja kwenye kamati alipendekeza apewe fungu la kodi atakayoiokoa. Mwenyekiti akavua miwani. "Tukimlipa kwa kodi anayookoa, atatuokolea mpaka tufike kortini." Tukakubaliana apimwe kwa mambo anayoyatawala: mwaka bila adhabu ya kuchelewa, kila pingamizi ndani ya siku zake, na hakuna mkataba wa jengo unaotiwa saini kabla hajausoma.

Swali la miwani nalo lilikuja, bila shaka. Nilimpa jedwali la kampuni saba, nikamweleza zimechaguliwaje, na jedwali la kwanza nikaliweka pembeni yake ili aone tofauti. Aliyatazama yote mawili kwa muda mrefu, akauliza kwa nini tulilipia la kwanza. Sikuwa na jibu. Wakapitisha.

Mwalimu alibaki. Pesa peke yake hazikumshikilia, maana wale wengine bado walikuwa juu kidogo, lakini aliomba msaidizi wa kumpokea hizo ritani, na msaidizi ni nafuu kuliko kumtafuta Mwalimu mwingine.

Ukitaka kununua ripoti ya namna hii kwa cheo chochote cha kodi kwenye majengo, uliza kwanza wana kampuni ngapi za majengo kwenye kapu, na usilipe mpaka uione karatasi ya maelezo ya kazi. Ukishalipa, anza na simu, PDF baadaye.

Ankara ya mwaka ujao imeshafika kwenye barua pepe, imepanda kidogo. Nimewajibu kwa kuwatumia maelezo ya kazi ya Mwalimu, kurasa mbili, ameyaandika mwenyewe. Wakiyaingiza, nitalipa.